Jiwe la Kizimkazi na Wanafunzi Wetu

Vijana wetu wanaosomea shahada ya uzamili ya sanaa na usanifu wa Kiislamu ughaibuni huanzishwa na Cairo, Isfahan na Granada. Hatuna ugomvi na hilo. Lakini mihrabu ya Kizimkazi Dimbani, Unguja, ina maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria (1107), na Samuel Flury aliyachapisha tangu 1922. Mtindo wake unafanana na wa Siraf, Uajemi. Basi wengine husema ni kazi ya wageni. Jiwe lenyewe ni tumbawe, na tumbawe huchongwa likiwa bichi, limetoka baharini, kabla halijawa gumu. Mafundi wa pwani wanalijua hilo. Tunataka tasnifu itakayoanza kwao, kwa Kiswahili, ndipo imrudie Flury.