Maradhi ya moyo Marekani: Fedha za umma zinapomfuata mgonjwa alipo

MARADHI ya moyo ndiyo yanayoua watu wengi zaidi nchini Marekani, na yameshika nafasi hiyo kwa karibu karne moja sasa. Hata hivyo, hayaui kwa usawa. Takwimu za serikali ya nchi hiyo za mwaka 2018 zilionyesha kuwa uwezekano wa Mmarekani mweusi kufa kwa maradhi hayo ulikuwa mkubwa kwa asilimia 30 kuliko wa Mmarekani mweupe. Wakazi wa vijijini na watu wa kipato cha chini nao hufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao wa mijini na wenye uwezo.

Chanzo kikubwa cha tofauti hiyo ni shinikizo la damu, ambalo miongoni mwa watu weusi huanza mapema na huwa kali zaidi. Dawa za kulidhibiti zipo tangu miaka ya 1950, na nyingi ni za bei nafuu. Kwa hiyo, tatizo si ukosefu wa dawa. Kinachokosekana ni daktari wa karibu, fedha za kumlipa na mtu wa kumfuatilia mgonjwa baada ya kupimwa.

Hospitali zafunguliwa milango

Hatua ya kwanza kubwa ilitokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, iliyopiga marufuku ubaguzi katika shughuli yoyote inayopata fedha za serikali kuu. Medicare, bima ya afya ya wazee, ilipoanza kulipa gharama za matibabu Julai 1966, hospitali zilizokuwa zikiwatenga wagonjwa weusi ziliambiwa kuwa hazitapata malipo hadi ziache mtindo huo. Nyingi zilibadilika katika muda wa miezi michache tu.

Wakati huo huo, madaktari Jack Geiger na Count Gibson walipata fedha za mpango wa serikali wa kupambana na umaskini na kufungua kituo cha afya cha jamii katika mtaa wa Columbia Point, Boston, Desemba 1965. Kingine kilifuata Mound Bayou, mji wa watu weusi katika Jimbo la Mississippi. Huko madaktari waliwaandikia chakula watoto wenye utapiamlo kama wanavyoandika dawa, na gharama ikalipwa kutoka bajeti ya dawa ya kituo. Kituo hicho pia kilichimba visima na kujenga vyoo. Mwaka 2023, vituo vya aina hiyo vilikuwa takriban 1,400 na vilihudumia zaidi ya watu milioni 31 kote nchini.

Ushahidi wa mwaka 1979

Je, fedha hizo huokoa maisha? Swali hilo lilijibiwa na utafiti uliogharimiwa na serikali katika miaka ya 1970, ukihusisha watu 10,940 wenye shinikizo la damu katika maeneo 14. Nusu yao walielekezwa kwa waganga wao wa kawaida. Nusu nyingine walitibiwa katika kliniki maalumu ambako dawa na vipimo vilitolewa bure, nauli ililipwa kwa aliyehitaji, na asiyefika alitafutwa.

Matokeo yalitangazwa mwaka 1979. Katika kipindi cha miaka mitano, vifo katika kundi la pili vilikuwa pungufu kwa asilimia 17 kuliko katika kundi la kwanza. Nafuu kubwa zaidi ilionekana miongoni mwa wanawake weusi. Dawa zilikuwa zikipatikana kwa makundi yote mawili. Tofauti ilikuwa katika namna zilivyomfikia mgonjwa.

Tiba katika kiti cha kinyozi

Miongo minne baadaye, fikra hiyo ilipelekwa mbali zaidi. Daktari Ronald Victor wa hospitali ya Cedars-Sinai na wenzake, kwa fedha za Taasisi za Taifa za Afya, waliendesha utafiti katika vinyozi 52 vya watu weusi mjini Los Angeles na vitongoji vyake. Wateja 319 wenye shinikizo kubwa la damu walishiriki. Katika baadhi ya vinyozi, wafamasia walikuja kuwapima na kuwapa dawa papo hapo. Katika vingine, kinyozi alimshauri mteja wake abadili mwenendo wa maisha na kumwona daktari.

Kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, baada ya miezi sita namba ya juu ya kipimo cha shinikizo ilishuka kwa wastani wa 27 pale alipokuwapo mfamasia, na kwa 9 tu pale palipotolewa ushauri peke yake.

Bima na uamuzi wa wanasiasa

Njia nyingine ni Medicaid, bima ya umma ya watu maskini. Sheria ya mwaka 2010 iliipanua, lakini mwaka 2012 Mahakama ya Juu iliamua kuwa kila jimbo lina hiari ya kukubali au kukataa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kuwa katika majimbo yaliyokubali, vifo vya maradhi ya moyo na mishipa ya damu kwa watu wa miaka 45 hadi 64 vilikuwa pungufu kwa takriban vinne katika kila watu 100,000 kwa mwaka, vikilinganishwa na majimbo yaliyokataa. Mississippi, Alabama na Georgia, yenye idadi kubwa ya watu weusi, ni miongoni mwa yale ambayo hadi mwaka 2024 hayakuwa yamekubali.

Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 inapunguza matumizi ya serikali kuu kwa Medicaid na kuwawekea baadhi ya wanachama sharti la kufanya kazi. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayepoteza bima huweza kujiona mzima kwa miaka kadhaa, kwa kuwa maradhi hayo mara nyingi hayana dalili. Ndiyo maana hasara ya fedha zinazokatwa leo huweza kuchelewa kuonekana katika takwimu za vifo.