Bonsai: ufungaji waya na uundaji wa umbo

Bonsai ni mti wa kawaida unaokuzwa kwenye chungu kifupi na kudumishwa mdogo kwa kupogolewa matawi na mizizi. Chimbuko lake ni China, lakini sanaa ilikomaa Japani, na humo umbo hupatikana zaidi kwa waya.

Waya huwa wa aluminiamu, au wa shaba iliyochomwa ikalainika, wenye unene wa takriban theluthi moja ya tawi. Fundi huukaza kwanza kwenye shina, huuzungusha kwa pembe ya nyuzi 45 kuelekea nchani, kisha hulikunja tawi taratibu, gumba likiwa ndani ya pindo na waya ukilikinga tawi upande wa nje lisipasuke. Tawi likinenepa, waya huzama kwenye gome na kuacha kovu la miaka. Hivyo sharti uondolewe mapema, na hapo wengi hukosea: huufungua kwa kuuzungusha ili wautumie tena, wakavunja machipukizi. Ukatwe kwa plaizi, kipande kwa kipande.

Mitindo ni mingi. Chokkan husimama wima. Kengai huinama hadi chini ya kitako cha chungu, kama msonobari wa gengeni.

Baada ya tetemeko la ardhi la 1923, wakuzaji wa Tokyo walihamia Omiya na kuanzisha kijiji cha bonsai mwaka 1925. Msonobari wa familia ya Yamaki, ulionusurika bomu la Hiroshima mwaka 1945, ulizawadiwa Marekani mwaka 1976 na unatunzwa Washington.