RISC-V ni nini, na vijana wa Lubumbashi wanaweza kuingia kupitia wapi

Ndani ya kila telefoni na kila ordinateri, ile majirani wetu wa Tanzania wanaita kompyuta, muko chipu moja inayoongoza zingine. Inaitwa prosesa. Ukituma feza kwa telefoni, ukiandika barua ao ukiangalia video, ni prosesa inafanya hesabu zote.

Kwa miaka mingi karibu dunia yote imetegemea familia mbili tu za prosesa. Sasa ya tatu imetokea, jina lake RISC-V. Ile V ni tano ya Kiroma. Hapa Lubumbashi, kuanzia Makomeno mpaka Kasapa, kuko vijana wengi wanaosoma informatike, wengine UNILU, wengine ESIS Salama, wengine peke yao nyumbani. Wengi wanajiuliza watafanya nini nyuma ya masomo. Ndiyo maana tunaeleza hapa namna prosesa mpya inapata watu wa kuitungia programu, na kama mlango huo uko wazi kwetu pia.

Prosesa inaelewa lugha gani?

Prosesa haielewi Kiswahili wala Kifaransa. Inaelewa orodha ya amri fupi: jumlisha namba hizi mbili, soma pale, weka hapa, ruka mpaka amri ile. Orodha hiyo na kanuni zake ndiyo usanifu wa prosesa. Kila familia iko na orodha yake. Programu iliyotafsiriwa kwa orodha moja haitembei kwa ingine, sawa vile mtu anayejua Kilingala tu hawezi kufuata mahubiri ya Kibemba.

Familia ya kwanza inaitwa x86. Ilianza na chipu 8086 ya kampuni Intel, mwaka 1978, na ndiyo iko ndani ya ordinateri nyingi tunazotumia. Zinazoitengeneza zaidi ni Intel na AMD. Familia ya pili ni ARM, iliyozaliwa Uingereza. Chipu yake ya kwanza ilitumika mwaka 1985, kazi ya Sophie Wilson na Steve Furber kwenye kampuni Acorn. Karibu telefoni zote za leo ni za familia hiyo. Kampuni ARM inauza ruhusa: ukitaka kutengeneza chipu inayosikia amri zake, unalipa kwanza.

RISC-V ilitoka wapi?

Ilianza mwaka 2010 kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, huko Marekani. Profesere Krste Asanović na wanafunzi wake Andrew Waterman na Yunsup Lee, pamoja na profesere David Patterson, walitafuta orodha ya amri ya kufundishia na kufanyia utafiti. Zile zilizokuwako zilikuwa na mwenyewe, tena zimejaa mambo ya zamani. Wakaamua kutunga yao. Iliitwa ya tano sababu Berkeley ilikuwa imekwisha kutunga zingine nne tangu miaka ya 1980.

Mwaka 2015 kuliundwa shirika la kuichunga. Mwaka 2020 shirika hilo lilihamisha makao yake Uswisi, sababu wanachama wengi waliogopa kazi yao isifungwe na siasa ya inchi moja. Leo linaitwa RISC-V International. Mtu binafsi anaweza kuwa mwanachama bila kulipa.

Orodha ya msingi iko na amri karibu 40 tu. Mtu yeyote anaweza kuisoma, kuitungia programu, hata kuchora chipu inayoifuata, bila kulipa hata franga moja kwa ruhusa. Lakini hapana kuchanganya mambo: kilicho cha bure ni orodha ya amri. Chipu yenyewe inauzwa, na mchoro wa ndani unaweza kubaki siri ya kampuni iliyouchora.

Chipu bila watu inakufa

Watu wengi wanazania chipu yenye nguvu ndiyo inashinda. Historia inaonyesha kitu kingine. Intel na HP zilitumia miaka na feza nyingi kujenga prosesa iliyoitwa Itanium, iliyotoka mwaka 2001. Programu za zamani zilitembea pole sana ndani yake, na kuzitunga upya kulikuwa kazi nguvu. Mwaka 2003 AMD ikaleta x86 mpya ya biti 64 iliyokubali pia programu za zamani. Watunga programu wakaenda huko. Itanium za mwisho zilitumwa kwa wanunuzi mwaka 2021, na Januari 2024 Linux ikaacha kuihudumia.

Angalia sasa Raspberry Pi, ordinateri ndogo ya Uingereza iliyotoka mwaka 2012. Haikuwa na nguvu kubwa. Lakini ilikuwa ya bei ya chini, na walimu, wanafunzi na mafundi walielezana kila kitu: namna ya kuwasha taa, kupima joto, kuendesha pompi. Mwenye kuinunua alikuta watu wa kumusaidia tayari.

Kwa hiyo familia mpya ya prosesa inahitaji jamii ya watunga programu kabla ya kuhitaji wanunuzi.

Jamii hiyo inajengwa namna gani?

Kwanza ni kutafsiri programu za msingi. Lazima kuwe kompaila, maana yake programu inayogeuza maandishi ya mtunga programu kuwa amri za prosesa. Kompaila ya bure GCC ilipokea RISC-V mwaka 2017. Linux ikaipokea Januari 2018. Debian, moja ya mifumo mikubwa ya Linux, ikaikubali rasmi kwa toleo la 13, Agosti 2025. Kutoka 2010 mpaka hapo ni miaka 15. Kazi ya jamii haiendi mbio.

Pili, watu wapate mashine mikononi. RISC-V International iliwahi kugawa kadi za majaribio kwa watunga programu. Na asiyekuwa na kadi anatumia QEMU, programu ya bure inayoigiza prosesa ya RISC-V ndani ya ordinateri ya kawaida. Inatembea pole, lakini kwa kujifunza inatosha.

Tatu ni kupokea kazi ndogo. Si kila mtu atatunga Linux. Mwingine anajaribu programu na kusema inakwama wapi, mwingine anarekebisha mustari mmoja wa kodi, mwingine anaandika maelezo ya kueleweka. Kazi ikitumwa inachunguzwa na wazoefu, na mara nyingi inarudishwa. Kurudishiwa kazi si tusi, ni sehemu ya masomo.

Na huku kwetu?

Sisi tuko ndani ya prosesa tangu zamani, lakini kama udongo. Mwaka 1997, ule mwaka jimbo letu liliacha jina la Shaba na kurudilia Katanga, kampuni IBM ilitangaza kwamba waya ndogo za ndani ya chipu zitakuwa za shaba, si za aluminiyumu tena. Shaba imebaki ndani ya chipu mpaka leo.

Kiwanda cha chipu kinaomba mabilioni ya dola, maji safi mengi na umeme usiokatika. Tusidanganyane, hicho hakitajengwa Makomeno kesho. Kutunga programu ni jambo lingine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi ulioitwa Kilinux, kilitoa programu za ofisi za OpenOffice kwa Kiswahili. Waliweza sababu kodi ilikuwa wazi, hawakuhitaji kuomba ruhusa kwa mwenyewe. Na RISC-V ni hivyo hivyo.

Vizuizi viko: umeme unakatika, mega ni bei, na maelezo mengi ni ya Kiingereza. Lakini QEMU ikikwisha kushushwa inatumika bila intaneti, na mtu mmoja anaweza kuishusha na kuwapa wenzake kwa fleshi. Kadi Raspberry Pi Pico 2, iliyotoka Agosti 2024, ilitangazwa kwa dola 5, na chipu yake iko na prosesa za ARM na za RISC-V pamoja, unachagua wewe. Kwa bei hiyo ongeza usafiri na duane. Watu kumi wakicheza likelemba wanaweza kuagiza kadi nyingi mara moja na kugawana usafiri.

Je, kuko kazi ya mushahara mbele? Hakuna anayeweza kuahidi. Ila mtu akijua lugha ya C na Linux kupitia RISC-V, ujuzi huo unatumika pia kwa x86 na kwa ARM, kwenye mashine za benki, za migodi na za telefoni. Hata RISC-V ikishindwa, masomo hayapotei.

Kwa mwenye kutaka kuanza, njia ni hii. Jifunze C na Linux kwa ordinateri uliyo nayo, hata ikiwa nzee. Weka QEMU na uendeshe Debian ya RISC-V ndani yake. Chagua programu moja unayoijua, uijaribu, uandike wazi inakwama wapi. Kisha waeleze wenzako kwa Kiswahili ao Kifaransa namna ulivyofanya. Kazi hiyo ya mwisho hakuna mtu wa Berkeley ao wa Uswisi atakayekuja kutufanyia.