Asili ya Hesabu ya Aljebra

Ewe msomaji, bila shaka umepata kukaa mbele ya hesabu ya aljebra ukajiuliza inamfaa nani. Swali lako ni la haki, na jawabu lake limo katika historia.

Katika mji wa Baghdad, zamani za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833, aliishi mtaalamu aitwaye Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi. Mnamo mwaka 820 hivi aliandika kitabu juu ya hesabu ya al-jabr na al-muqabala. Al-jabr ni kurudishia kilichopunguzwa, kama mganga aungavyo mfupa uliovunjika. Al-muqabala ni kuweka pande mbili uso kwa uso na kuondoa kilicho sawa katika zote mbili; neno hili ni ndugu wa neno letu mkabala. Kitabu kilifika Hispania, na huko Mwingereza Robert wa Chester akakifasiri kwa Kilatini mwaka 1145. Ndipo neno al-jabr likaingia katika lugha za Ulaya.

Usidhani kwamba mtaalamu huyu alitunga mafumbo ya kuwatesa wanafunzi. Alieleza mwenyewe kwamba watu huihitaji hesabu hii katika urithi, wasia, mashtaka, biashara na upimaji wa ardhi. Tatizo moja lake lasema hivi: mtu amekufa, ameacha wana wawili, naye ameusia theluthi ya mali yake apewe mtu wa mbali. Ameacha dirhamu 10 taslimu, na dirhamu 10 nyingine ni deni alilomdai mwana mmoja. Je, zile dirhamu 10 zilizopo zigawanywe vipi? Mgawaji asiyejua hesabu atamdhulumu mmoja wao hata kama hakukusudia. Al-Khwarizmi aonyesha kwamba mtu wa mbali hupata 5, na mwana asiye na deni hupata 5. Mwenye deni hukatiwa fungu lake katika lile deni. Wahenga walisema kweli: mali bila daftari huisha bila habari.

Katika kitabu hicho hamna herufi wala alama za hesabu. Yote yameandikwa kwa maneno. Kisichojulikana huitwa mzizi, na mzizi ukizidishwa kwa wenyewe huitwa mali. Twaa mfano wake mashuhuri: mali moja pamoja na mizizi yake 10 ni dirhamu 39. Mzizi ni kiasi gani?

Shika kalamu, uchore. Chora mraba, ubavu wake ndio mzizi, na eneo lake ndilo mali. Ile mizizi 10 igawe nusu kwa nusu, uchore mistatili miwili yenye upana wa 5, mmoja kuliani mwa mraba na mwingine chini yake. Maumbo haya matatu yana eneo la 39. Tazama sasa: umekaribia kupata mraba mkubwa, ila pembe moja ina pengo. Pengo hilo ni mraba wa 5 kwa 5, yaani 25. Lizibe. Jumla ya 39 na 25 ni 64, na ubavu wa mraba wenye eneo la 64 ni 8. Ondoa 5, wabaki 3. Ujaribu: 3 mara 3 ni 9, 3 mara 10 ni 30, jumla ni 39.

Waona, basi, kwamba kanuni ya kukamilisha mraba, ambayo wengi huikariri kama wimbo, yaweza kuonekana kwa macho. Aliyeikariri tu huweza kuisahau siku ya mtihani. Aliyeliona lile pengo la pembeni ataijenga upya peke yake.

Kwa hiyo, mwalimu akiandika mlinganyo ubaoni, usikimbilie jawabu. Uliza kwanza ni nini kilichopungua, na kirudishwe wapi. Ukimaliza, lijaribu jawabu lako kama tulivyofanya hapa, kwa maana huenda siku moja tarakimu zilizo mbele yako zikawa mipaka ya shamba la jirani au fungu la yatima.