Picha ya meli ya moshi na matanga

Picha ya meli ya moshi na matanga ni mchoro wa rangi ya mafuta juu ya turubai, aghalabu wa karne ya 19, unaoonyesha chombo chenye milingoti na dohani kwa pamoja. Wachoraji wake wengi waliishi katika miji ya bandari na kuwauzia manahodha na wenye meli. Antonio Jacobsen, mzaliwa wa Copenhagen aliyehamia Marekani, alichora maelfu ya picha za aina hii. Meli huonyeshwa ubavu mzima, kutoka omo hadi tezi, kila kamba mahali pake, kwa sababu mnunuzi alikijua chombo chake na foromali iliyokosewa asingeikubali.

Mtu anayetaka kukadiria umri wa picha huanza na chombo chenyewe. Magurudumu ya ubavuni ni dalili ya ukale; meli inayofuka moshi bila magurudumu husukumwa na rafadha iliyo chini ya maji. Kisha, ili kupima ukweli wa mchoro, hutazama bendera na moshi. Vyote viwili hufuata upepo, hivyo vikielekea pande tofauti, mchoraji alifuata mazoea.

Matanga ya meli hizi hayakuwa pambo. Injini za mwanzo zilikula makaa ya mawe kwa wingi mno, na kila tani ya makaa ilinyang'anya shehena nafasi yake. Katika Bahari ya Hindi makaa yenyewe yaliletwa kwa meli hadi vituo kama Aden. Nahodha aliyepata kaskazi au kusi ya kumfaa aliweza kupunguza moto, akatweka tanga na kuyaweka makaa yake kwa siku ya shwari. Injini zilipoboreshwa, milingoti ilibaki bila kazi, na kufikia mwisho wa karne manowari kubwa mpya hazikuwa na matanga.

Pwani yetu ilizijua meli hizi kwa karibu. Mwaka 1868 na 1869 manowari ya Kiingereza HMS Daphne, chini ya nahodha George Sulivan, ilikamata majahazi mengi yaliyoshukiwa kubeba watumwa. Baada ya kimbunga cha 1872 kuangamiza meli zake, Sultani Barghash wa Zanzibar aliagiza Glasgow, meli ya milingoti mitatu na injini iliyoundwa Scotland na kukamilika mwaka 1878. Ilizamishwa bandarini na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, na kwa miaka mingi ncha za milingoti yake zilionekana juu ya maji mbele ya mji.

Gharama ya kuyaacha matanga ilionekana wazi katika delta ya Rufiji, ambayo sehemu yake kubwa sasa imo Wilaya ya Kibiti. Königsberg, manowari ya Kijerumani ya urefu wa mita 115 hivi, ilikwenda kwa makaa tu. Vita vilipoanza mwaka 1914, Waingereza waliyanunua makaa katika bandari za Msumbiji ili isiyapate. Baada ya kuizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus huko Zanzibar tarehe 20 Septemba, Königsberg iliharibikiwa mitambo, ikajificha kwenye mito ya delta, upande wa Salale. Sehemu za mitambo zilipelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu zikatengenezwe, na waliozikokota ni Waafrika ambao vitabu vingi vya vita hivyo havina hata jina la mmoja wao. Somali, meli iliyobeba makaa yake, iliteketezwa kwa mizinga. Tarehe 11 Julai 1915, baada ya Königsberg kupigwa na manowari za Kiingereza Severn na Mersey, mabaharia wake waliizamisha wenyewe.

Katika enzi hiyo ya meli za moshi, majahazi yaliendelea kupakia boriti za mikoko katika delta hiyohiyo na kuzipeleka Zanzibar na Arabuni kwa upepo mtupu. Wachoraji wa bandarini hawakuyapa turubai, kwa kuwa nahodha wa Rufiji hakuwa mteja wao, na pengo hilo ni hasara ya kweli kwa historia ya pwani. Kwa hiyo picha ya Ahmad bin Naaman, ingawa ni ya mtu na si ya chombo, ina thamani ya pekee. Huyu ndiye mjumbe wa Seyyid Said, sultani wa Oman na Zanzibar, aliyefika New York kwa meli ya matanga Sultana mwaka 1840. Edward Mooney alimchora kwa rangi ya mafuta, akiwa na kilemba chake, na picha hiyo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Peabody Essex mjini Salem, Marekani.