Papirolojia, au Elimu ya Hati za Mafunjo

Papirolojia ni taaluma ya kusoma maandishi ya kale, hasa ya Kigiriki, yaliyoandikwa kwenye mafunjo. Ukiiita "elimu ya mafunjo" ukaishia hapo, mwanabotania wa Chiromo atadhani unazungumzia kazi yake, na Mjaluo wa Kangemi atakumbuka togo inayosukwa mikeka kandokando ya Ziwa Victoria. Nami napendekeza elimu ya hati za mafunjo, kwa sababu kinachosomwa ni hati. Mmea ulikuwa karatasi tu. Na karatasi yenyewe tumeipata kwa Waarabu, ambao qirtas yao inatokana na khartes ya Kigiriki, yaani ukurasa wa mafunjo. Mwenye kazi hii tumwite msomi wa hati za mafunjo. "Mpapirolojia" linakwama ulimini.

Kiini cha bua la mafunjo kilichanwa vipande vyembamba, vikapangwa matabaka mawili yaliyopishana, vikagandamizwa. Ukame wa Misri ndio uliozihifadhi hati hizo. Ziwani kwetu mafunjo ni tele, lakini hati ingeoza.

Bernard Grenfell na Arthur Hunt wa Oxford walianza kuchimba majaa ya mji wa Oxyrhynchus, huko Misri, msimu wa 1896. Juzuu ya kwanza ya hati walizozipata ilitoka 1898. Hunt alifariki 1934, na juzuu zingali zinatoka. Ni kazi ya subira: maneno hayakuachiwa nafasi, na ukurasa umeliwa na wadudu. Tangu makubaliano ya Leiden ya 1931, mabano ya mraba huonyesha maandishi yaliyopotea, na nukta chini ya herufi hukiri kwamba msomaji hana hakika nayo. Magazeti yetu nayo yangefaidika na nukta hiyo.

Wengi hudhani hati hizi ni tenzi na falsafa tupu. Nyingi ni stakabadhi za kodi, mikataba ya kukodi mashamba, malalamiko na barua za nyumbani. Aliyewahi kufungua majalada ya maofisa wa wilaya wa kikoloni katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, Nairobi, hatashangaa.

Hati ya kutuvutia zaidi iko Berlin: mkataba wa mkopo wa karne ya 2 K.K., wa wafanyabiashara waliokusudia kwenda kwa bahari hadi nchi ya ubani, upande wa Pembe ya Afrika. Ulrich Wilcken aliuchapisha 1925. Umechakaa vibaya na mabano yake ni mengi, lakini miongoni mwa waliotajwa yumo mtu wa Massalia, Marseille ya leo.