Milima Iliyokutana: Asili ya Milima Yetu na Hazina Zake

Wahenga wetu walinena kwamba milima haikutani, binadamu hukutana. Methali hiyo ilikusudiwa kufundisha utu: tutendeane wema, kwa kuwa hatujui tutakutana wapi tena. Kwa maana hiyo methali itadumu. Lakini elimu ya miamba, ambayo siku hizi twaiita jiolojia, imetufunulia jambo ambalo wahenga hawakuwa na njia ya kulijua, nalo ni kwamba nchi kavu husogea, nchi hukutana, na mara nyingi zinapokutana ndipo milima huzaliwa. Katika makala haya twakusudia kueleza namna milima ya nchi yetu ilivyopatikana, na kwa nini mtu atafutaye madini hana budi kuijua historia hiyo kabla ya kushika sururu.

Tuanze na gamba la dunia. Gamba hili limekatika mapande makubwa, na kila pande huenda polepole mno, sentimita chache tu kwa mwaka. Umri wa mtu hautoshi kuuona mwendo huo, lakini miaka milioni mia yatosha kufungua bahari na kuifunga. Mapande mawili yakiachana, nchi hupasuka na moto wa chini hupata mlango. Ndiyo asili ya Bonde la Ufa na ya volkano za karibu yake, Kilimanjaro, Meru na Oldoinyo Lengai. Mapande mawili yakigongana, mawe yaliyokuwa yamelala tabaka juu ya tabaka kama mikeka hukunjwa na kupandana, nayo nchi huinuka. Ndiyo asili ya milima ya Himalaya, ambayo ilianza kuinuka Bara Hindi lilipoigonga Asia, yapata miaka milioni 50 iliyopita. Tena iko milima iliyonyanyuliwa kando ya nyufa, ilhali nchi jirani ikididimia. Usambara, Upare na Uluguru zilipata kimo chao cha leo kwa njia hiyo ya tatu, ingawa, kama tutakavyoona, mawe yake yana habari nyingine ya kale zaidi.

Asiyezijua tofauti hizi hukisia hazina ya mlima kwa kimo chake. Historia yetu wenyewe yamsahihisha. Hapana mlima Afrika uupitao Kilimanjaro, wenye kimo cha mita 5,895. Wahunzi wa Uchagani walikuwa mafundi hodari wa mikuki na majembe, lakini chuma chao walikipata kutoka Upare, kwenye milima ambayo mbele ya Kilimanjaro ni kama vilima tu. Huko Ugweno, ukoo wa Washana ulisifika kwa uhunzi, na simulizi za Wapare zasema kwamba hapo kale ukoo huo ndio uliokuwa na utawala. Wahunzi wa Upare hawakuchimba mashimo marefu. Waliokota mchanga mweusi mzito ulioletwa na vijito, wakautia katika tanuri pamoja na makaa, wakavukuta mpaka chuma kikatoka. Mchanga ule ni madini ya chuma yaliyotolewa na mvua katika miamba ya kale ya milimani, maji yakachukua chembe nyepesi na kuziacha nzito. Kwa hiyo Mpare aliyekiangalia kijito chake alikuwa akiisoma milima, na biashara ya Upare na Uchagani ilijengwa juu ya kusoma huko.

Sasa twauliza: miamba hiyo ya kale ilitoka wapi? Wataalamu wameonyesha kwamba kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, palikuwa na mgongano mkubwa mahali ilipo Afrika Mashariki ya leo. Upande wa magharibi ulikuwapo moyo wa kale wa Afrika. Kutoka mashariki yakaja mapande mengine, miongoni mwao nchi ambazo leo ni Madagaska na Bara Hindi. Bahari iliyokuwa katikati ikafungwa, na matope na chokaa za sakafu yake zikabanwa, zikakunjwa na kuzamishwa chini. Juu yake ikasimama safu ya milima ambayo wataalamu huilinganisha na Himalaya. Hakuwako mtu wa kuiona wala kuipa jina. Nchi kavu haikuwa hata na mti. Mvua na upepo vikaila safu ile mpaka ikaisha, na sisi leo twalima na kujenga juu ya mizizi yake. Mizizi hiyo huonekana kutoka kaskazini mashariki mwa Afrika, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Msumbiji, nayo huitwa Ukanda wa Msumbiji.

Aliyeupa ukanda huo jina ni Mwingereza Arthur Holmes. Mwaka 1911, angali kijana, alikwenda Msumbiji kwa kazi ya kutafuta madini. Hakupata hazina ya maana, na malaria nusura imwue. Lakini aliishika elimu ya kupima umri wa mawe, na katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1951 alionyesha kwamba miamba hii ni mabaki ya safu moja ya milima iliyotoweka. Hapa pana funzo: mtu aliyekosa madini kwa macho aliacha nyuma yake elimu iliyowasaidia wengine kuyapata.

Maana katika vilindi vya mgongano ule, kilomita nyingi chini ya vilele, mawe yalipikwa upya. Chokaa ya bahari ikawa marumaru. Matope meusi yaliyojaa mabaki ya viumbe vidogo vya bahari yakawa mwamba wenye kinywe. Mawe yaliyokuwa hayana thamani yalipokutana katika joto na mbano yakabadilishana asili zao, vikazaliwa vito. Yakuti nyekundu za Longido zikakaa katika jiwe la kijani. Ulanga wa Uluguru, uliochimbwa tangu enzi za Wajerumani, na spineli za Ipanko huko Mahenge, zilizoushangaza ulimwengu mwaka 2007, ni za ukanda huohuo. Ganeti ya kijani iliyopewa jina la Tsavo imepatikana Kenya na Tanzania pia, kwa kuwa mpaka uliochorwa na wakoloni juzi tu haukuukata mwamba.

Mfano ulio mashuhuri kuliko yote ni tanzanaiti. Jiwe hili hupatikana Mererani, katika wilaya ya Simanjiro, na ulimwengu ulianza kulijua mwaka 1967. Mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ililipa jina la nchi yetu. Jumanne Ngoma, mwananchi aliyeligundua, alikuja kutunukiwa na Serikali mbele ya taifa mwaka 2018, nusu karne baadaye. Kwa kuwa Kilimanjaro huonekana kutoka Mererani, wauzaji wamezoea kulitaja jiwe hili kama mtoto wa mlima ule. Ni maneno ya kupendeza, lakini hesabu haiyakubali. Kilimanjaro haujatimiza miaka milioni tatu, na tanzanaiti imepita miaka milioni 500. Mzazi hawezi kuwa mdogo kuliko mwanawe. Aliyeizaa tanzanaiti ni ile safu iliyotoweka, na buluu yake yatokana na vanadi, ambayo ilikuwamo katika matope meusi ya bahari ya kale. Atakayeamini maneno ya wauzaji atachimba mawe ya volkano maisha yake yote asipate hata chembe.

Tukisonga magharibi, kutoka Singida hadi Ziwa Viktoria, twakuta habari nyingine. Huko ndiko ulikokuwa ule moyo wa kale wa Afrika, ambao mgongano haukuuvunja. Dhahabu ya Geita imo katika miamba yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, ambamo maji ya moto yalipenya nyufa na kuiacha. Almasi za Mwadui, ambako John Williamson wa Kanada alifanikiwa mwaka 1940, zilipanda kutoka kina kirefu mno kupitia bomba la volkano lililotoboa nchi hiyo nene. Basi mtafutaji ajuaye historia hufikiria kwanza dhahabu na almasi akiwa magharibi, na vito na kinywe akiwa mashariki. Hatusemi kwamba kanuni hii haina tofauti, kwani dhahabu imepatikana hata Handeni, ndani ya ukanda. Twasema kwamba ajuaye kanuni hujua pia mahali pa kustaajabu na kuuliza zaidi.

Elimu hii yafaa pia ndani ya shimo. Huko Mererani tabaka lenye vito limekunjwa pamoja na miamba yake. Mahali fulani limevimba, mahali pengine limebanwa likawa jembamba kama ukanda wa ngozi, kisha likazama. Mchimbaji asiyeuelewa mkunjo hupoteza miezi katika mwamba mtupu, au hulifuata tabaka chini zaidi bila kujua shimo lake lakutana na mashimo ya nani. Mafuriko ya mwaka 1998, na tena ya mwaka 2008, yalipoingia katika mashimo hayo, makumi ya wachimbaji walipoteza maisha. Maji hufuata mteremko na mashimo yaliyounganika. Ramani nzuri ya miamba ni chombo cha kuhifadhi roho za watu kabla haijawa chombo cha kutafuta mali.

Kwa muda mrefu ramani hizo zilikuwa mali ya wengine. Mjerumani Bornhardt alizunguka nchi hii miaka ya 1890, na kitabu chake kikachapishwa Berlin mwaka 1900. Waingereza nao walianzisha idara ya jiolojia katika miaka ya 1920, na Dodoma ikawa makao yake. Walifanya kazi ya kweli, na twaitumia hadi leo. Lakini wapagazi waliobeba mizigo yao hawakuandikiwa hata ukurasa mmoja wa lugha wanayoielewa. Baada ya Uhuru tumewafundisha wanajiolojia wetu wenyewe, na kazi ya kupima nchi sasa imo mikononi mwao. Mwaka 2018 Mererani ilizungushiwa ukuta wa kilomita 24 na nusu ili jiwe lisitoroshwe, na mapato ya taifa yakalindwa. Ukuta ulikuwa jambo la haki. Lakini hauwezi kumwambia kijana aliye chini ya ardhi ni upande gani achimbe, wala hauwezi kumwambia mkulima wa Mahenge kwamba jiwe alilolirusha kutoka shambani ni marumaru, na kwamba marumaru ni jirani wa yakuti.

Jambo hilo litafanywa na maneno. Lugha yetu ina kinywe, ulanga, yakuti, marumaru, mkunjo na ufa. Ina uwezo wa kuieleza safu iliyotoweka kwa mwanafunzi wa darasa la saba hata akaelewa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi twaongeza kwamba kabla ya kuinama ajue kitanda ni cha nani na kilitandikwa lini. Wahunzi wa Upare walijua kijito kipi kina mchanga mzito, wakawafundisha watoto wao kwa lugha ya nyumbani, na majirani zao wakaja kununua. Wanajiolojia wetu wana elimu kubwa kuliko ile. Yatupasa kuiteremsha kutoka katika makabati ya Dodoma na kuifikisha kwa wale wanaoshika sururu.